Kutoka baridi ya Kitulo hadi joto la Matema: begi la kilo 19 lipunguzwe wapi?

Swali: "Kamwene. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa mjini, miaka 34, kilo 62. Likizo ya mwezi wa sita tuko sita tunaotaka kutembea kwa miguu kutoka upande wa Isyonje, tukatize Hifadhi ya Kitulo, kisha tushuke Matema ziwani, siku nne. Nimebakiwa na wiki tisa. Nimenunua buti za mtumba na begi la lita 75. Ndani nimeweka blanketi, suruali mbili za jinsi, masweta matatu, sufuria, taulo na vitabu viwili. Nimelipima kwenye mizani ya duka la mahindi: kilo 19, na chakula bado. Nipunguze nini? Na nifanye mazoezi gani ili niweze kupanda?"

Jibu:

Kamwene, mwalimu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, umeweka begi kwenye mizani kabla ya kuuliza. Kazi yangu imekuwa nyepesi.

Nianze na mazoezi, maana hapo ndipo unapotazama upande usio na shida. Unajiandaa kupanda, lakini sehemu kubwa ya kupanda mtafanyiwa na gari. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vyake vya juu, kama Mtorwi, vinakaribia 3,000. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Ukitoa hesabu hiyo utaona kwamba shughuli yenyewe ni kuteremka zaidi ya mita 2,000 kwenye safu ya Livingstone, begi mgongoni, kwenye vijia ambavyo kina mama wa huko hupita na mzigo kichwani na mgeni hupita akishikilia nyasi. Nimewaona vijana wenye vifua vya kunyanyua vyuma, waliovuka uwanda wote wakipiga soga, halafu kesho yake pale Matema wanashuka ngazi tatu za nyumba ya wageni kinyumenyume.

Sababu iko kwenye msuli wa paja. Unapopanda, msuli unafanya kazi huku ukifupika. Unapoteremka, msuli uleule unashikilia uzito wako huku ukivutwa na kurefuka, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochanachana nyuzi zake ndogo. Maumivu hayaji palepale, hukolea kesho yake na keshokutwa. Bahati nzuri, msuli ukishaonja kazi hiyo mara moja ukapona, safari inayofuata hauumii kama mwanzo, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo usingoje kuuonjesha mteremko siku ya Matema.

Na wewe Iringa una uwanja wa bure. Mji umekaa juu, Ipogolo iko chini kando ya Ruaha Mdogo. Watu hupanda kule kwa miguu kutafuta pumzi kisha wanarudi kwa daladala. Wewe geuza: kama una haraka panda kwa gari, lakini kushuka iwe kwa miguu. Wiki tatu za kwanza shuka mara mbili kwa wiki bila mzigo. Kuanzia wiki ya nne weka kilo tano begini, baadaye nane, baadaye kumi, na mzigo uwe chupa za maji. Wengine humwaga maji wakifika juu ili kulinda magoti. Usiyamwage, teremka nayo. Nyumbani simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, ule mwingine ushushe polepole mpaka kisigino kiguse chini, kisha rudi, mara kumi kila mguu. Linaonekana zoezi la watoto mpaka ufike la nane. Jumamosi tembea mwendo mrefu, anza na mwendo wa muda wa saa tatu, ongeza hadi ufike muda wa saa sita. Mteremko wako mkubwa wa mwisho uwe wiki mbili kabla ya safari. Wiki ya mwisho pumzika, usijichoshe kwa wasiwasi.

Goti likiuma kwa ndani kama linachomwa, au likavimba, hilo si la mazoezi. Nenda kwa daktari mapema, ukiwa bado na wiki za kubadilisha mpango.

Sasa buti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndizo zinazowaumbua watu. Kununua mtumba hakuna ubaya, Mwanjelwa hapa Mbeya nimeona buti nzuri kuliko za dukani. Tatizo ni umri. Buti nyingi za milimani zina tabaka la povu la poliyurethani kati ya soli ya mpira na sehemu ya juu ya kiatu. Povu hilo huharibiwa na unyevu wa hewa taratibu, hata kiatu kikiwa kimelala kabatini Ulaya bila kuvaliwa. Baada ya miaka mingi ngozi bado inang'aa, meno ya soli bado marefu, muuzaji anakuapia ni mpya, na povu la ndani linakatika kama mkate mkavu. Kiatu kinashinda siku ya kwanza. Siku ya pili soli nzima inabaki kwenye tope na wewe unaendelea na soksi.

Kwa hiyo leo jioni zichukue buti zako ukakae penye mwanga. Bonyeza povu la pembeni kwa ukucha wa kidole gumba. Likirudi lenyewe, vizuri. Likibaki na alama au likatoa unga, hizo ni za kwenda shambani karibu na nyumbani. Kisha zikunje mbele na nyuma mara nyingi na uangalie kama kuna mipasuko myembamba kama nywele. Zikipita hapo, zivae kwenye mazoezi yote, kila Jumamosi, na begi likiwa na uzito. Fundi viatu anaweza kushona soli kuzunguka, na nashauri umpe akushonee, ila ujue uzi husaidia gundi iliyochoka, hauokoi povu lililooza. Na saizi: ukisukuma mguu mbele kabisa, kidole chako cha shahada kiingie nyuma ya kisigino bila kubanwa. Buti inayokukaa sawasawa dukani itakung'oa kucha kwenye mteremko.

Beba pia yeboyebo au kandambili. Ni nyepesi, utavukia vijito na kupumzishia miguu jioni.

Turudi kwenye mizani. Kwa mtu asiyezoea mizigo, napenda begi lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kwako ni karibu kilo 12 na nusu, na hapo ni pamoja na maji na chakula. Inawezekana, lakini baadhi ya vitu ulivyovitaja vitabaki Iringa.

Suruali za jinsi zote mbili zitoke. Jinsi ni pamba nzito, ikilowa inaongezeka uzito, haikauki usiku wa Kitulo, na nguo iliyolowa inakunyonya joto kwa kasi kuliko iliyo kavu. Suruali moja ya traksuti nyepesi ya kutembelea inatosha. Vitabu, mwalimu, najua itauma. Kimoja chembamba kwa watu sita. Taulo litoke, kanga itafanya kazi yake: unajifutia, unajifunika jua, unajisitiri ukibadili nguo mahali pasipo na ukuta, unalalia basi likichelewa Kyela. Sufuria moja kubwa na mfuniko iwe ya kundi, si kila mtu na yake.

Masweta yawe mawili, ila tujue ni ya nini. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani uuchome kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika, ni sufu. Ukiyeyuka na kuganda kitone kigumu, ni nailoni au akriliki. Ukiwaka haraka na kunuka karatasi, ni pamba, hiyo iache. Sufu hukupa joto hata ikiwa na unyevu. Sweta la sufu la mtumba lililopauka linashinda jaketi jipya lenye maandishi mengi.

Blanketi lako nalibadilisha kwa mfuko wa kulalia. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Kitulo unashuka karibu na kuganda, asubuhi unaweza kukuta nyasi zina sakitu. Ukipata mfuko wa mtumba, tazama lebo: mara nyingi ina namba mbili za nyuzi joto. Shika ile ya juu, ndiyo ya kulala kwa raha. Ile ya chini ni ya kukesha ukijikunyata. Muhimu kama mfuko wenyewe ni kitu cha kutandika. Ardhi hunyonya joto kuliko hewa, na mfuko uliolaliwa hauna unene tena chini ya mgongo. Kipande cha povu gumu, lile la kukunja, hakifiki nusu kilo. Usiku wa kwanza utamshukuru aliyekuuzia.

Kuna sheria moja ambayo kwenye kundi langu haina mjadala. Kila mtu ana seti kavu: sweta la sufu, suruali, soksi na kofia, vimefungwa kwenye nailoni, na havivaliwi kutembelea hata mbingu zikifunguka. Jioni unavua vilivyolowa unavaa vikavu. Asubuhi unavua vikavu, unavifunga, unavaa vilevile vilivyolowa, unapiga kelele kidogo, unatembea, baada ya dakika kumi umepata joto. Watu wanaikubali sheria hii mpaka asubuhi ya pili, halafu wanaanza kutafuta sababu. Waambie wenzako mapema.

Nasisitiza hivyo kwa sababu hatari ya huko juu ni maji na upepo kwa pamoja. Mwezi wa sita ni kiangazi, kweli, ila upande wa Rungwe na miteremko inayotazama ziwa, ukungu na manyunyu havifuati kalenda. Koti la mvua liwe juu kabisa ya begi. Ndani ya begi tandika nailoni nzito, ile inayouzwa kwa mita, uikunje mdomoni. Mifuko laini ya zamani ilipigwa marufuku tangu 2019 na hata hivyo ilikuwa inachanika. Mwenzako akianza kujikwaa mahali pasipo na kitu, maneno yakamkorogeka, akawa mkali au mkimya isivyo kawaida yake, simamisheni msafara. Kinga upepo, mvueni vilivyolowa, mvisheni vikavu, mwingizeni kwenye mfuko wa kulalia, na kama anameza vizuri mpeni chai ya sukari nyingi. Akiwa ameacha kutetemeka na bado ni wa baridi, hali imekuwa mbaya zaidi, hapo mnatafuta msaada. Na ulanzi, najua mnatoka nao Iringa kwenye dumu, usiguswe huko juu. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, unahisi moto usoni wakati joto la ndani linatoka nje.

Chakula sasa. Mtu mmoja hesabu gramu 600 hadi 700 za chakula kikavu kwa siku. Kilo moja ya karanga inatoa kalori kama 5,700. Kilo moja ya viazi mviringo haifiki 800, kwa sababu sehemu kubwa ya kiazi ni maji. Kwa hiyo usibebe viazi kwenda nchi ya viazi. Ukivihitaji utavinunua vijijini huko Makete kwa bei ya kuchekesha. Beba karanga za kukaanga, unga wa ulezi, sukari, maziwa ya unga, chapati za siku mbili za kwanza, na usipa waliokaangwa wakakauka vizuri. Maharage yaache. Maji huchemka kwa joto la chini kadiri unavyopanda, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300, hivyo kwenye mita 2,700 yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi na hapo yamefika mwisho, hata uchochee vipi. Maharage yatatokota mpaka usiku wa manane na gesi itaisha yakiwa bado yanalia mdomoni. Mchele unaiva ukiuloweka kwanza na kufunika vizuri, ila nao ubaki wa jioni moja tu. Wa Kyela mtaukuta chini kwao.

Kula kabla ya njaa. Konzi la karanga kila saa moja linafaa kuliko mlo mkubwa mchana.

Maji hayakosekani njiani, kwa hiyo lita mbili mgongoni zinatosha, kila lita ni kilo. Lakini penye kijito pana ng'ombe juu yake. Ukichemsha, kwenye urefu huo acha yatokote dakika tatu. Ukitumia vidonge vya dawa, soma karatasi yake, maana vingi vya madukani kwetu vimepimwa kwa ndoo ya lita 20, si chupa. Kidonge kizima ndani ya chupa ya lita moja ni kosa ninaloliona kila mara. Azimeni ndoo kijijini jioni, mtibu ya wote, mjaze chupa asubuhi.

Kupanga begi ni kazi ya dakika chache. Mfuko wa kulalia chini, vitu vizito katikati na karibu kabisa na mgongo, vyepesi nje, koti la mvua na kitafunwa juu. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga na ndiyo ibebe uzito, mabega yashike tu begi lisiyumbe. Begi lako la lita 75 ni kubwa kuliko mahitaji, lakini usilinunue jingine. Acha nafasi tupu ibaki tupu. Hema gawaneni vipande. Simu lala nayo ndani ya mfuko, baridi hula chaji, na ramani ishushwe kabla hamjaondoka Mbeya.

Mambo ya ruhusa msiyaache mpaka siku ya kuanza. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, iko chini ya TANAPA, kuna viingilio na kuna utaratibu wa askari au mwongozaji. Wasilianeni na ofisi ya hifadhi mapema, mseme wazi kwamba mnataka kutokea Matema kwa miguu, mpewe mtu anayeijua njia ya mwaka huu, kwa sababu vijia huhama na mvua. Moto wa kuni ndani ya hifadhi usiwashwe unapotaka, askari ndiye atakayeonyesha mahali. Chikanda, mizizi ya okidi inayoliwa, usiguse hata ukikutana na mtu anayeuza. Mizizi hiyo ndiyo maua yenyewe yanayowaleta watu. Na maua, ili usije ukanilaumu, mwezi wa sita mengi yatakuwa yamekwisha. Msimu wake ni kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua. Likizo ya Desemba utayaona, pamoja na tope la kufika kwenye ugoko. Mkishuka nje ya mipaka ya hifadhi, mkilala kijijini, pitieni kwa mwenyekiti kwanza, msalimie, mjieleze.

Siku ya kuteremka yenyewe: kucha zikatwe siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia. Anzeni mapema, jua likiwa bado dogo. Kaza kamba za buti kwa nguvu pale kwenye kifundo ili mguu usitelezee mbele, vidoleni ilegeze. Hatua fupi, goti lisinyooke kabisa unapotua. Fimbo mbili za mianzi zilizokatwa kwa urefu wa kufika kifuani, ukizitanguliza kabla ya hatua, zinapunguza mzigo wa magoti kweli. Usione aibu, wenyeji wenyewe wana fimbo. Ukisikia sehemu ya mguu inapata moto, simama hapohapo ubandike plasta ya kitambaa. Lengelenge halisubiri mahali pazuri pa kukaa.

Kadiri mnavyoshuka joto litapanda, wastani ni nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo tofauti ya uwandani na ufukweni ni kama nyuzi 14. Sweta mlilolala nalo asubuhi mtalichukia saa saba mchana. Kunywa maji zaidi ya ulivyozoea siku tatu zilizotangulia, na uwe na fulana moja nyepesi mahali pa kufikia haraka.

Ziwani kuna kitu ambacho Kitulo hakuna, mbu wa malaria. Ukanda wa Kyela una malaria ya kutosha, na mtakuwa mmechoka kiasi cha kulala bila kukagua chandarua. Kagua matundu kabla ya kuoga, na jioni vaa mikono mirefu. Homa haitakuja mkiwa huko, kwa kawaida huanza wiki moja au mbili baadaye, wengine hata zaidi, ukiwa umesharudi darasani na umesahau. Ikija, nenda ukapime siku hiyohiyo na umwambie daktari kwamba ulilala Matema.